Gari langu, logbuku ya babangu

Barua ya wakili ilimkuta babangu barazani baada ya alasiri, kikombe cha kahawa chungu mkononi na wazee wenziwe watatu wamekaa pale wanatazama kila kitu. Kijana wa boda akatoa bahasha akataka sahihi, mzee akatia, akatafuta miwani, akasoma polepole mpaka mwisho kisha akarudi mwanzo. Halafu akaniita kwa jina langu kamili, lile la shule, na jina lile nyumbani kwetu halitamkwi mpaka kuwe na msiba ama matokeo ya mtihani.

Barua ilisema yeye ndiye mwenye gari nambari fulani, kwamba gari hilo kwa uzembe lilimgonga na kumjeruhi mwendesha tuktuk pale njia panda ya Gede, na kwamba asipokubali kulipa fidia ndani ya siku walizompa atashtakiwa. Sasa mzee ana miaka 67, ana presha, na Gede huwa anaenda kwa mazishi tu tena anapakiwa. Siku ya ajali alikuwa nyumbani Barani amejifunika shuka ana homa. Kwenye usukani nilikuwa mie. Lakini logbuku, ile hati ya kuandikisha gari, ilikuwa na jina lake, na wakili wa watu haanzi kwa kuuliza nani alikuwa anaendesha, anaanza kwa kuuliza gari ni la nani.

Naandika hii manake tangu watu wajue yaliyonipata, wenzangu wanaotaka kununua gari la kwanza wananiuliza swali lilelile, ati niandike jina langu ama la mzee, bima itashuka ama haitashuka. Jibu langu si fupi, kwa hivyo tieni chai.

Mie hupika. Mahamri, sambusa, viazi karai, keki za oda, napeleka kwa nyumba za wageni Casuarina na nyengine mpaka Watamu. Kwa muda mrefu nilikuwa nalipa tuktuk, na ukilipa tuktuk kutoka Malindi mpaka Watamu na masinia manne ya mahamri, faida yako inashukia Gede, wewe unafika Watamu peke yako. Nikacheza mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu na kina dada kumi na wawili, zamu yangu ikaja mwisho mwisho, nikaongeza akiba, babangu akajazia kilichobaki, kama robo hivi (hii robo ikumbukeni), nikanunua Vitz ya silva, injini cc 1000, kwa broka mmoja Mombasa. Nilikuwa na miaka 22 na leseni ya miezi mitano.

Usiku wa kuamua jina ami akaja. Ami yangu kila kitu cha Marekani anakijua manake mwanawe, bin ami yangu, yuko Buffalo kule jimbo la New York miaka mingi. Akakaa, akakunja mguu, akasema, "We mwanangu, msichana wa miaka 22, leseni yenyewe haijakauka wino, bima watakuchuna ngozi. Andikeni jina la kaka hapa, mtu mzima, wala hawatamuuliza mambo mengi." Babangu akasema sawa. Mamangu akasema sawa. Mie ni nani nibishane na ami, nikasema sawa pia, na kusema kweli nilifurahi, nilikuwa naona nimeokoa pesa kabla hata ya kuwasha injini.

Kumbe ami hakudanganya, ila alikuwa anasimulia Buffalo na gari liko Malindi.

Nilikuja kumpigia bin ami baadaye mambo yalipochacha, tukaongea WhatsApp karibu saa nzima, akanieleza. Kule logbuku wanaiita taito, na karatasi ya usajili ni nyengine mbali, na bima yao inampima mtu sana kabla ya kupima chuma. Umri wako, leseni ina miaka mingapi, umewahi kugonga, umewahi kukamatwa kwa spidi, unaishi mtaa gani, yote yanaingia kwenye bei. Kijana wa miaka 16 mpaka 19 ndiye ghali kuliko wote, na si chuki, ni kwamba ukihesabu kwa kila maili wanayoendesha wao ndio wanaogonga zaidi. Sasa mwanawe bin ami alipofika 17 akataka gari liwe lake, jina lake, fahari ya kijana. New York jina lililo kwenye bima lazima lilingane na jina la usajili, kwa hivyo gari likiwa la kijana na bima inakuwa ya kijana peke yake, hana historia, hana gari la pili la kuunganisha apunguziwe, hana nyumba, hana kitu, bei iliyorudi ilimfanya bin ami acheke mpaka akakohoa. Wakaliandika gari kwa jina la mamake, kijana wakamuongeza kwenye bima ya mamake kama dereva aliyetajwa. Bei ikapanda kweli, ila nusu ya ile ya kwanza haikufika.

Kwa hivyo kule jina kwenye taito linabadilisha bei, hilo ni kweli kabisa. Lakini skiza na upande wa pili, manake ami huu hakuusimulia. New York wana sheria, kifungu cha 388 cha sheria yao ya magari, inasema mwenye gari anajibu uzembe wa mtu yeyote anayeliendesha kwa idhini yake. Kijana akigonga, mamake yumo. Ile bei waliyopunguziwa wameilipia kwa shingo ya mama, na bima ya lazima kule kwa mtu mmoja aliyeumia ni dola 25,000, ambayo kwa hospitali za Marekani bin ami anasema ni pesa ya kumlaza mtu tu kabla hajaamka. Ndo maana wao wamechukua ya juu zaidi. Tena mambo ya kule ni jimbo kwa jimbo, Hawaii hawaruhusu kabisa kampuni kupandisha bei kwa sababu ya umri, ukisikia mtu anasema "Marekani wanafanya hivi" muulize Marekani ipi.

Na Uingereza nako nina khalati, yeye aliposikia hadithi yangu kitu cha kwanza alichosema ni kwamba kule ningeshtakiwa mie na babangu. Mzazi akijiandikisha yeye ndo dereva mkuu ilhali gari linaendeshwa kila siku na mtoto, wanaita fronting na wanahesabu ni udanganyifu, bima inafutwa, na ukishafutiwa bima kwa udanganyifu kila kampuni utakayokwenda inakuuliza kuhusu hilo. Nikamuuliza je mwanamke analipa kidogo, manake niliwahi kusikia hivyo, akasema zamani ndiyo, mpaka tarehe 21 Desemba 2012 sheria ya Ulaya ilipokataza bei kwa jinsia. Basi hata hiyo nafuu nilichelewa.

Haya, turudi Malindi.

Siku ya kukata bima babangu alikwenda na mie kwa ajenti. Tulitaka komprehensivu, ile inayolipia na gari lako mwenyewe, si thadi pati inayomlipa uliyemgonga tu, manake Vitz ndiyo ilikuwa mtaji wangu wote na thadi pati ikiungua gari lako unabaki na jivu lako. Valuesheni, yaani thamani ya gari, ikatoka 650,000. Ajenti akapiga hesabu, asilimia 6, shilingi 39,000, akaongeza ushuru wa mafunzo asilimia 0.2 ambayo ni 78, mfuko wa kufidia wenye bima asilimia 0.25 ambayo ni 97 na senti hamsini, stampu 40, jumla 39,215.50. Nikalipa mie kwa M-Pesa yangu, stakabadhi ikatoka na jina la mzee. Cheti kikaja kwenye simu yake ambayo ni mulika mwizi, ikabidi kitumwe tena kwangu.

Kwenye ile fomu kulikuwa na swali, dereva mkuu wa gari ni nani. Babangu akanitazama. Ajenti akatazama dirishani. Babangu akaandika jina lake.

Nataka niseme kitu kuhusu ile bei sasa hivi, nisije nikasahau. Mwaka uliofuata, baada ya yote, nilipokwenda kutafuta bima kwa jina langu nikiwa na miaka 23, nilijitayarisha kuchunwa ngozi kama alivyosema ami. Kampuni mbili zikanipa asilimia 6 ileile. Ileile! Ya tatu ndiyo iliniongezea kwa sababu ya umri, nikaiacha. Manake hapa kwetu bima ya gari la kibinafsi kwa sehemu kubwa inapima gari, thamani yake, aina yake, umri wake, linafanya kazi gani. Umri wa dereva upo lakini umejificha mahali pengine, umejificha kwenye eksesi, na eksesi hakuna anayeisoma mpaka agonge.

Eksesi ni ile pesa unayobeba wewe mwenyewe kabla kampuni haijatoa yake. Mkataba wetu ulisema asilimia 2.5 ya thamani, isipungue 15,000, halafu kwa maandishi madogo, kama aliyekuwa akiendesha yuko chini ya miaka 25 ama leseni yake haijafika miaka 2, ongeza 10,000. Someni tena hapo. Aliyekuwa akiendesha. Haijasema mwenye logbuku, haijasema mwenye bima.

Ajali ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Nimetoka Malindi na oda ya Watamu, pale Gede unapokata kushoto kuna watu, kuna matatu zinashusha, kuna ng'ombe wakati mwengine. Tuktuk iliyokuwa mbele yangu ikasimama ghafla abiria ashuke, mie nikachelewa, nikaipiga nyuma, ikasukumwa mpaka kwenye mchanga ikalala ubavu. Dereva wake alivunjika mguu, abiria alhamdulillahi alikuwa ameshateremka. Vitz ilikwenda bampa, boneti, taa ya kushoto na redieta. Mahamri mengine yalikuwa barabarani na watoto wa pale, sitawasahau, waliokota moja moja wakanirudishia.

Gereji ikasema 118,000. Tukajaza fomu ya klemu, ya kudai malipo, tukachukua ripoti ya polisi, asesa akaja, yule anayekagua gari kwa niaba ya kampuni. Kijana mpole sana, amevaa kofia ya kazi. Akapiga picha mbele, nyuma, chasisi, akafungua mlango wa nyuma akakuta masinia na harufu ya hiliki, akauliza taratibu, "Dada, hili gari ndo la kazi yako ya kila siku?" Na mie, kwa ule ukweli unaomtoka mtu akiwa amechoka, nikamwambia ndiyo.

Kuanzia hapo ikawa miezi minne. Kampuni ikasema fomu inasema dereva mkuu ni mzee na mzee haendeshi. Ikasema pia gari la kibinafsi linabeba bidhaa za biashara, hilo la pili ni somo lake mbali, nitaliandika siku nyengine kwa sababu nalo lina maumivu yake. Babangu akaitwa Mombasa kuandika maelezo, kilomita 120 na presha yake. Ajenti akatwambia IRA, mamlaka ya bima, wanapokea malalamiko dhidi ya kampuni, tukaandika barua ndefu tukaiweka mezani. Hatukuituma. Kila nilipoisoma nilikuwa nafika kwenye ile sentensi ya dereva mkuu na kalamu inaniangukia, manake tuliodanganya ni sie. Wangetukatalia kabisa wangekuwa na pa kushika.

Kilichotuokoa, alivyotueleza ajenti, ni mambo mawili. Mkataba wenyewe ulikuwa unaruhusu mtu yeyote mwenye leseni halali kuendesha kwa idhini ya mwenye bima, na idhini nilikuwa nayo. La pili ni ile robo. Babangu alikuwa ametia pesa yake ndani ya gari, na kwenye bima kuna jambo wanaliuliza kabla ya kulipa, nalo ni hili, gari likiungua nani ameungua? Kama huna chako ndani ya kitu huwezi kukikatia bima ukalipwa, itakuwa kamari. Mzee alikuwa na robo yake na tulikuwa na ushahidi wa benki. Fikirieni kama nilinunua kwa pesa yangu yote nikaweka jina lake kwa heshima tu, ningesema nini pale?

Wakalipa 118,000 wakatoa eksesi. 16,250 ya kawaida na 10,000 ya ujana wangu, jumla 26,250, tukapata 91,750. Kwa hivyo hesabu ya ule ujanja wa ami ndiyo hii: premiamu, yaani bei ya bima, haikushuka hata shilingi, eksesi ya kijana tulilipa vilevile, tukaongeza miezi minne ya tuktuk za watu na mzee kupandwa na presha.

Na bado barua ya wakili.

Sheria ya trafiki ya Kenya, Cap 403, kifungu cha 8, inasema mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake ndiye anayehesabiwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vyengine. Si kwamba kuwa na jina ndo kulipa moja kwa moja, korti inatazama pia kama dereva alikuwa anaendesha kwa niaba yako ama kwenye shughuli yako. Lakini kabla korti haijatazama wewe ushashtakiwa, ushatafuta wakili, ushakosa usingizi. Bima ya lazima, ile ya Cap 405, inamlinda mtu wa tatu aliyeumia ama kufa, na kiwango chake ni shilingi 3,000,000 kwa mtu. (Ukibadilisha zile dola 25,000 za Buffalo zinakuja hapo hapo karibu, nilishangaa.) Korti ikitoa zaidi ya hapo, kilichozidi kinamtafuta aliyeshtakiwa. Na babangu ana nyumba na kiwanja. Mie nina masinia. Sasa niambieni, katika familia nzima kwa nini tulichagua kumweka mbele ya kesi yule mmoja tu mwenye kitu cha kuchukuliwa?

Barua tuliipeleka kwa kampuni siku ileile, hii fanyeni, msikae nayo wala msimjibu wakili nyie wenyewe. Kampuni ikaweka wakili wake, wakakubaliana na yule ndugu wa tuktuk nje ya korti, kiasi kilikuwa chini sana ya kile kiwango. Nilikwenda kumwona na keki. Akaniuliza kama mzee wangu ameshapona, manake alisikia alipandwa na presha kwa sababu ya ile barua. Nilitoka pale sina la kusema.

Kuna kitu chengine ambacho watu hawakihesabu, punguzo la kutoklemu. Ukikaa mwaka bila klemu kampuni nyingi zinakupunguzia ukifanya upya, na likiongezeka mwaka baada ya mwaka linakuwa pesa ya maana. Lakini punguzo hilo linamfuata mwenye bima. Mtu anaendesha miaka mitano kwa jina la baba bila hata kukwaruza, siku akitaka bima yake anaanza sifuri kama amezaliwa jana, na babake aliyekaa barazani ndiye dereva hodari kwenye karatasi.

Na mauti. Naomba mnisamehe lakini lazima niseme. Jirani yetu wa Maweni alinunua pikapu kwa mzee mmoja wa upande wa Mambrui, wakaandikiana mbele ya mashahidi, pesa ikalipwa yote, logbuku akapewa mkononi, uhamisho wakasema tutafanya. Sheria inatoa siku 14 tu za kutumia gari likishabadilisha mwenyewe bila kuandikisha jina jipya, wao wakakaa mwaka na nusu. Mzee akafariki. Wake wawili, watoto tisa, na kwenye mfumo wa serikali pikapu ni mali ya marehemu. Ikabidi Mahakama ya Kadhi, warithi wote wakubali, na mmoja yuko Saudia simu haishiki. Muda wote huo jirani alikuwa anakata thadi pati ya mwezi mwezi kwa jina la marehemu Mungu amrehemu. Komprehensivu nani angempa?

Bibi yangu mzaa mama ni wa Amu, yaani Lamu, kule mjini usafiri ni punda na mashua, alitusikiliza wiki nzima tukigombana na neno logbuku mwisho akauliza, "Kwani punda akimpiga mtu teke hushtakiwa aliyempanda ama mwenye punda?" Tukanyamaza wote. Ami akasema inategemea. Ni mara ya kwanza namsikia ami akisema inategemea.

Tukahamisha. Ilitakiwa iwe kazi ya dakika chache, mwenye gari anaingia kwenye akaunti yake ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka ya usafiri, anaanzisha, analipa ada kulingana na cc za injini, mnunuzi anakubali kwenye akaunti yake, basi. Lakini babangu nywila alikuwa haijui, namba ya simu aliyojiandikishia ni laini iliyozama baharini tangu zamani, na PIN ya KRA, ile ya kodi, alikuwa ameiandika nyuma ya kalenda ya msikiti ambayo mamangu alifungia samaki. Siku nane. Na jambo moja nililolijua hapo, jina likihama bima haihami nalo. Ule mkataba ulikuwa baina ya kampuni na babangu, siku gari lilipokuwa langu nilihitaji wangu mwenyewe kuanzia siku ileile, ajenti ndiye aliyenishtua, ningeendesha wiki nzima na cheti kisichonihusu.

Kwenye fomu mpya, dereva mkuu, nikaandika jina langu. Gari linafanya nini, nikaandika linabeba vyakula vya biashara yangu, ikapanda kidogo kwa hilo na nikalipa. Yule ajenti safari hii hakutazama dirishani.

Sasa mnaouliza, fikra yangu ni hii. Kama gari ni la mzee kweli, pesa yake, anaishi na wewe, wewe unaazima, liacheni kwa jina lake na mkuandike wewe kama dereva, wazi wazi. Ikiwa ni lako, hata kama ni Vitz iliyochoka, jina lako. Ikiwa mmechangia, waambieni kampuni mmechangia. Halafu muulizeni ajenti swali moja kabla ya bei, nikigonga mie mwenye umri huu na leseni hii nitatoa ngapi mfukoni, na mtake mwone hiyo laini kwa macho.

Mwezi uliopita nimemaliza mwaka wa kwanza bila klemu. Ajenti alinipigia mwenyewe kunambia nina punguzo, dogo, lakini nililitangaza nyumba nzima. Babangu alikuwa barazani, akasikia, akaniita, safari hii kwa jina la nyumbani. Akasema kuna mazishi Gede Alhamisi, hataki kupakiwa tena kama mzigo, ataomba aazime gari aendeshe mwenyewe. N'kamwambia baba, ni lako, leta leseni nitazame. Akaingia ndani akarudi nayo. Kile kitabu chekundu cha zamani, kimeliwa na mende pembeni, na picha ya kijana mwenye afro simjui.

Nilimpeleka mwenyewe.